Vizuizi kando ya njia ya kuteleza majini: hatari isiyoonekana

LOKICHAR, mji ulio kwenye barabara kuu itokayo Kitale kwenda Lodwar, haujulikani kwa michezo ya majini. Unajulikana zaidi kwa mafuta ghafi yaliyogunduliwa mwaka 2012 katika kisima cha Ngamia 1, na kwa makorongo ambayo hukauka kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hata hivyo, mji huo uko kati ya maji mawili makubwa. Kusini-magharibi kuna Bwawa la Turkwel, na kaskazini-mashariki kuna Ziwa Turkana. Kwa hiyo swali la usalama wa mashua ziendazo kasi, na la vitu vinavyosimama au kufichika kando ya njia yake, linawahusu wakazi wa eneo hilo kuliko inavyodhaniwa.

Mchezo unaoonyesha vizuri zaidi uzito wa swali hilo ni ule wa kuteleza majini, ambapo mtu huvutwa kwa kamba nyuma ya mashua ya injini akiwa amesimama juu ya ubao mmoja au miwili.

Asili ya mchezo

Mchezo huu ulianza mwaka 1922, pale Ralph Samuelson, kijana wa Kimarekani, alipofaulu kuteleza juu ya Ziwa Pepin katika jimbo la Minnesota. Shirikisho la kimataifa liliundwa mwaka 1946 mjini Geneva, Uswisi, na mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika Juan-les-Pins, Ufaransa, mwaka 1949. Katika Afrika Mashariki mchezo huu umekuwa burudani ya watu wachache, hasa katika hoteli za Pwani ya Kenya na katika Ziwa Naivasha.

Mashindano yana matawi matatu ya jadi, nayo ni kupinda kati ya maboya, kufanya maonyesho ya ustadi, na kuruka kutoka kwenye jukwaa la mshazari.

Njia ya kupinda ina vipimo vinavyofanana duniani kote. Urefu wake ni mita 259, na ina maboya sita ambayo mshindani hulazimika kuyazunguka, kila moja likiwa mita 11.5 kutoka mstari wa katikati anapopita nahodha. Kasi ya juu ya mashua ni kilomita 58 kwa saa kwa wanaume na 55 kwa wanawake. Kasi ikishafika kikomo, ugumu huongezwa kwa kufupisha kamba, kutoka mita 18.25 hadi chini ya mita 10 kwa mabingwa.

Hatari inatoka wapi

Kasi ya kilomita 58 kwa saa ni sawa na mita 16 kwa sekunde. Anayeteleza haendi sambamba na mashua tu, bali hukata maji kutoka upande hadi upande, na kwa muda mfupi kasi yake hupita ile ya mashua. Akianguka au kamba ikimponyoka wakati huo, mwili wake huelekea ukingoni. Kama kuna gati, mti au ukuta mita 10 kutoka kwenye boya, anaweza kufika hapo kabla ya sekunde moja kwisha. Hakuna binadamu awezaye kufanya uamuzi na kujinusuru kwa muda huo.

Aidha, nguvu ya mgongano haiongezeki sambamba na kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nishati ya mgongano huongezeka mara nne. Ndiyo maana kuanguka kwenye maji matupu huacha maumivu ya kawaida, ilhali kugonga nguzo kwa kasi hiyo hiyo kunaweza kuua.

Vizuizi hivyo hugawanyika katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vile vinavyoonekana na visivyohama, kama vile magati, kuta za mawe, miti na mashua zilizotiwa nanga. La pili ni vifaa vya mchezo wenyewe. La tatu, ambalo ndilo baya zaidi, ni vitu vilivyo chini ya maji, yaani visiki, miamba, mafungu ya mchanga, nyaya za uzio na nyavu.

Kwa fungu la kwanza, dawa ni nafasi. Njia huwekwa mbali na ukingo, na pande zote mbili za mwisho huachwa maji ya kutosha ili mashua ishike kasi kabla ya kuingia na ipunguze kasi baada ya kutoka. Gati lisiloweza kuondolewa haliwi sehemu ya kuteremkia wakati mashindano yanaendelea. Ukingo wenye mteremko mdogo wa mchanga ni bora kuliko ukuta wa wima, kwani ukuta hurudisha mawimbi njiani na pia hauna huruma kwa anayeugonga.

Kwa fungu la pili, vifaa hutengenezwa ili visiumize. Maboya huwa ya plastiki laini, yanayobonyea yanapokanyagwa na ubao. Jukwaa la kurukia, ambalo kimo chake hakizidi mita 1.8, huwekewa ubavuni ubao wa mshazari unaoshuka hadi ndani ya maji, ili anayekosea njia ateleze badala ya kugonga ncha. Warukaji huvaa kofia ngumu, na majaketi ya kuokolea huwa tayari kwa wote.

Fungu la tatu halitibiwi kwa kifaa chochote. Linahitaji kuyajua maji yenyewe, na hapo ndipo maziwa ya Bonde la Ufa yanapokuwa na shida ya pekee.

Maziwa yasiyotulia

Ziwa Turkana ndilo ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyomo jangwani. Eneo lake ni takribani kilomita za mraba 6,400, na karibu asilimia 90 ya maji yake hutoka Mto Omo wa Ethiopia. Halina mto unaotoka, hivyo kina chake hutegemea mvua za mbali na jua kali la hapo hapo.

Katika miaka ya 1980 maji yalipungua hadi Ghuba ya Ferguson, karibu na Kalokol, ikakauka, na kiwanda cha samaki kilichojengwa hapo kwa msaada wa Norway kikakosa samaki. Ardhi iliyoachwa wazi iliota vichaka, ukiwemo mti wa mathenge ambao umeenea sana kandokando ya ziwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010 mambo yaligeuka. Maji yalipanda, yakameza fukwe, mikoma na majengo. Palipokuwa nchi kavu pakawa maji yenye mashina na miiba chini yake.

Hali kama hiyo ilionekana Naivasha na Baringo. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Naivasha yaliingia katika makazi ya Kihoto, na migunga iliyokuwa ukingoni ikafa ikiwa imesimama majini. Ripoti ya Serikali ya Kenya na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021 ilihusisha kupanda kwa maziwa hayo na mabadiliko ya tabianchi pamoja na matumizi mabaya ya ardhi. Bwawa la Turkwel, lenye ukuta wa mita 153, nalo lilikaribia kujaa mwaka 2020 hata wakazi wa bondeni wakaonywa.

Maana yake kwa usalama ni moja. Katika maziwa haya, upimaji uliofanywa mwaka jana hautoshi mwaka huu. Mti ulioonekana vizuri msimu uliopita huenda sasa uko nusu mita chini ya uso wa maji, mahali ambapo macho ya nahodha hayafiki lakini pangaboi la injini linafika.

Upepo, mamba na nyavu

Turkana ina jambo jingine, nalo ni upepo. Upepo wa kusini-mashariki hupita kwa nguvu kati ya nyanda za juu za Kenya na zile za Ethiopia. Nguvu yake ndiyo iliyofanya mitambo 365 ya umeme wa upepo ijengwe Marsabit, mashariki mwa ziwa. Mwaka 1934 wanasayansi wawili wa msafara wa Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walikwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena. Upepo wa namna hiyo husogeza maboya, hupeleka mashua nje ya mstari na humsukuma aliyeanguka kuelekea kwenye vizuizi.

Mamba ni wengi ziwani humo, na aliyeanguka hapaswi kuachwa majini akisubiri. Nyavu za wavuvi nazo huweza kunasa miguu au pangaboi. Wavuvi hao hawana kosa, kwa sababu ziwa ni riziki yao, na mchezo wowote wa mashua unapaswa kukubaliana nao siku na mahali.

Ya kufanya kabla ya mashua kuondoka

Usalama wa vyombo vya majini nchini Kenya uko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Majini (KMA), na tangu mwaka 2018 kuna pia Kikosi cha Walinzi wa Pwani. Lakini sheria haiwezi kuondoa kisiki. Kazi hiyo ni ya waandaaji wa kila shindano, liwe la kuteleza majini au la mbio za mashua.

Kwanza, njia nzima na pembezoni mwake ipimwe kina kwa kamba yenye uzito au kwa kipimasauti, asubuhi ya siku yenyewe. Pili, wenyeji waulizwe, kwani mvuvi anajua ulipozama uzio kuliko ramani yoyote. Tatu, kila kizuizi kisichoweza kung'olewa kiwekewe boya la rangi kali, au njia ihamishwe. Nne, mashua iwe na watu wawili, nahodha atazamaye mbele na msaidizi atazamaye anayevutwa. Tano, mashua ya uokoaji iwe tayari, na injini izimwe kabla ya kumkaribia aliyeanguka. Sita, upepo ukizidi, shindano liahirishwe.

Hatua hizi hazihitaji fedha nyingi. Kamba, jiwe, madumu matupu yaliyopakwa rangi na mazungumzo na wavuvi hupatikana Kalokol kama yanavyopatikana Naivasha. Zinafaa pia kwa mashua ya abiria na ya mvuvi, ambazo hupita juu ya visiki hivyo hivyo kila siku, bila mashindano wala watazamaji.