Nyuzi za gitaa Tabora
Mwaka 1871 mpelelezi Stanley alipofika Tabora, wapagazi wake walibeba vitambaa, shanga na mizigo ya waya wa shaba. Karne moja baadaye sisi wapiga gitaa tulisubiri waya mwingine, wa chuma, na huo ulikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam. Mji ulikuwa na bendi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Kila kijana alitaka kupiga solo. Gitaa la umeme halikubali nailoni, maana sumaku yake huusikia uzi wa chuma tu.

Uzi wa kwanza wa inchi 0.009 huvutika kirahisi na hulia kwa ukali, ila hukatika upesi. Wa 0.011 unachosha vidole, lakini sauti yake imeshiba na unadumu. Mimi nauchagua huo, hasa kwa kupiga ridhimu usiku kucha.

Jasho ndilo lililotumaliza. Chumvi yake hula chuma, na uchafu hujaa katikati ya mizunguko ya nikeli ya nyuzi nene mpaka uzi unakuwa bubu. Tulizichemsha nyuzi hizo sufuriani, tukazianika juani, tukazifunga tena. Zililia vizuri siku chache tu, zikatosha dansi la Jumamosi.