Kuhasi paka

Upasuaji wa kuondoa korodani za paka dume, au ovari za jike (mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi). Wafugaji wa Mkula, mkoani Simiyu, wanaijua kazi yake kupitia maksai: dume aliyehasiwa hutulia akavuta plau. Kwa paka mabadiliko ni ya namna hiyo, ila huyu havuti chochote.

Dume asiyehasiwa, yaani shume, huzurura usiku, hurudi masikio yamechanika, na hunyanyua mkia ukutani akatia mkojo wenye harufu isiyotoka hata kwa sabuni. Akihasiwa, homoni hushuka upesi, lakini tabia hufifia kwa wiki au miezi. Takriban dume 1 kati ya 10 huendelea kutia mkojo hata hivyo. Jike aliyehasiwa hapati joto tena, hivyo huacha kulia na kugaagaa sakafuni.

Hofu kubwa ya wenye ghala za mahindi ni kwamba paka ataacha panya. Haina msingi: uwindaji hautegemei homoni za uzazi. Kinachobadilika ni ulaji. Njaa huongezeka, matumizi ya nguvu hupungua, na asiyepimiwa chakula hunenepa.

Kandokando ya Serengeti kuna sababu nyingine ya kuhasi. Paka-mwitu wa Afrika, mzazi wa paka wa nyumbani, bado anaishi porini, na shume anayevuka mashamba anaweza kuzaa naye chotara.