MSIMU NI ALAMA

Yapo maneno yanayotumika kila siku bila ya mtu kukumbuka safari yake. Neno msimu ni mojawapo. Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia Ibo hadi Mocímboa da Praia na Palma, maisha ya wavuvi na mabaharia yamepangwa kwa pepo mbili: kaskazi, uvumao toka Desemba hadi Machi, na kusi, ushikao zamu Aprili. Muda wa kila upepo ndio msimu.

Asili ya neno hilo ni Kiarabu, mausim, kutokana na shina lenye maana ya kutia alama. Msimu, basi, ni wakati uliowekewa alama: wakati wa kutweka tanga na wakati wa kungoja bandarini. Wareno nao walilichukua neno hilo hilo, wakaliita monção. Lakini maana yake waliijua kwa gharama kubwa.

Mwaka 1498 Vasco da Gama, baada ya kupita pwani hiyo ya Msumbiji, alifika Malindi, akapata rubani aliyezijua pepo. Aliondoka Aprili, na kusi ikamfikisha India kwa muda usiotimia wiki nne. Katika kurudi hakungoja kaskazi. Aliivuka bahari kuanzia Oktoba, akahangaika miezi mitatu, na mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye. Bahari ilikuwa ile ile. Msimu ndio uliopuuzwa.

Hata hivyo, kalenda ya pepo haitoshi peke yake. Tarehe 25 Aprili 2019, wakati ambapo kusi ndiyo iliyotazamiwa, kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado, wiki sita tu baada ya kimbunga Idai kuupiga Beira. Nyumba nyingi za Ibo zilibomoka, na watu zaidi ya 40 walikufa nchini humo. Lakini watu wapatao 30,000 walikuwa wamekwisha kuhamishwa, kwa sababu onyo lilitolewa mapema.

Hapo ndipo lilipo funzo kwa askari wa jeshi na wa polisi, ambao ndio hutumwa kuwahamisha watu. Huenda wakamkuta mzee akisema kwamba msimu wa tufani umepita. Asidharauliwe, kwani elimu yake ni ya karne nyingi. Aelezwe kwa heshima kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na kwamba onyo la watabiri wa hali ya hewa nalo ni alama. Aliyeiona alama asingoje upepo.