Neno "Serikali" na Mihimili Mitatu ya Shirikisho la Marekani

Katika maandishi yetu ya Kiswahili, habari za utawala wa Marekani aghalabu huelezwa kwa neno moja tu: "serikali". Neno hili, ambalo asili yake ni Kiajemi, hubeba maana mbili: mamlaka yote yatawalayo nchi, na tena lile fungu la wakuu watekelezao mambo. Msomaji akiambiwa kwamba "serikali imeshindwa mahakamani" hupata taabu kufahamu ni nani aliyeshindwa na nani, maana kwa katiba ya nchi ile mahakama nayo ni sehemu ya mamlaka ya nchi. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, jinsi mamlaka hayo yalivyogawanywa, na kwa nini ugawaji huo unataka istilahi zilizo bayana.

Mapatano ya kwanza ya majimbo 13, yaliyoanza kutumika mwaka 1781, yaliweka baraza moja tu, ambamo kila jimbo lilikuwa na kura moja. Baraza hilo halikuwa na uwezo wa kutoza kodi, wala hapakuwa na mkuu wa kutekeleza maazimio yake. Madeni ya vita yakawa mzigo usiochukulika. Basi mwaka 1787 wajumbe 55 walihudhuria mkutano wa Philadelphia, na tarehe 17 Septemba 39 miongoni mwao wakatia sahihi katiba mpya.

Katiba hiyo yaanza na Bunge, lenye Baraza la Wawakilishi, ambalo viti vyake hugawanywa kwa hesabu ya watu, na Seneti, ambamo kila jimbo lina wajumbe wawili. Bunge ndilo litozalo kodi, lisimamialo biashara baina ya majimbo, na lenye haki ya kutangaza vita. Sehemu ya pili humpa Rais utekelezaji wa sheria na uamiri jeshi. Ya tatu huweka mahakama, ambazo majaji wake hudumu kazini madhali mwenendo wao ni mwema.

Hata hivyo mafungu haya hayakutengwa kwa ukuta. Rais aweza kuukataa mswada, nalo Bunge laweza kumshinda kwa theluthi mbili za kura katika kila baraza. Majaji huteuliwa na Rais, lakini sharti Seneti ikubali. Rais mwenyewe aweza kushtakiwa na Wawakilishi na kuhukumiwa na Seneti. Mwaka 1868 Andrew Johnson aliokoka kwa kura moja tu.

Uwezo wa mahakama kutangua sheria iliyo kinyume cha katiba haukuandikwa waziwazi. Ulithibitishwa na Jaji Mkuu John Marshall mwaka 1803, katika shauri la Marbury na Madison. Mwaka 1952 Rais Truman alitwaa viwanda vya chuma wakati wa vita vya Korea, na majaji 6 kwa 3 wakaamua kwamba hakuwa na mamlaka hayo. Tukisema hapa kwamba "serikali ilishindwa", tumeficha jambo lenyewe: mhimili mmoja ulizuiwa na mwingine. Tena yapo majimbo, ambayo kwa badiliko la 10 la mwaka 1791 yalibakiziwa mamlaka yote ambayo katiba haikulipa shirikisho wala kuyakataza majimbo. Nayo yana serikali zao.

Wako waandishi wasemao "matawi". Lakini tawi huota katika shina na hupata uhai wake humo. Mhimili husimamishwa peke yake, ukashiriki na wenziwe kuchukua mzigo mmoja. Kwa kuwa Bunge, Rais na Mahakama kila kimoja kilipewa mamlaka na katiba yenyewe, wala si na mwenziwe, "mihimili", neno lililokwisha zoeleka Tanzania, ndilo lifaalo zaidi. Naona pia yafaa "dola" litumike kwa mamlaka yote kwa jumla, na "serikali" liachiwe Rais na mawaziri wake. Asiyetenga maneno haya atamfanya msomaji adhani kwamba ye yote ashikaye serikali ameshika na mengine yote.