Mbao Mbili za Yirrkala

Kaskazini-mashariki ya Arnhem Land, katika nchi ya Australia, wakaa watu waitwao Yolngu. Wamegawanyika pande mbili, Dhuwa na Yirritja, wala mtu haoi katika upande wake mwenyewe. Kila ukoo una michoro yake, na mwenye haki ya kuichora ndiye mwenye haki juu ya nchi iliyomo ndani yake. Kwa hiyo picha kwao si pambo, ni hati.

Wamisionari wa Kimethodisti walifungua kituo Yirrkala mwaka 1935. Hata mwaka 1962, kanisa jipya lilipohitaji kupambwa, wazee wakachora mbao mbili kubwa, kila moja kimo chake futi 12. Katika ubao wa Dhuwa aliyeshika kazi ni Mawalan Marika na wenzake. Katika ule wa Yirritja walikuwamo Mungurrawuy Yunupingu, Birrikitji Gumana na Narritjin Maymuru. Hawakuchora habari za Biblia. Walichora safari za wazee wao wa asili, kama Djang'kawu waliotua Yalangbara, wakaziweka mbao kulia na kushoto mwa meza ya Bwana, sheria yao kando ya Injili.

Siku zile zile serikali ilikuwa ikiitenga nchi yao kwa ajili ya machimbo ya boksiti. Mwezi wa Agosti 1963 wakapeleka Bungeni maombi yaliyopigwa chapa katika lugha yao na kwa Kiingereza, yakabandikwa juu ya magome ya miti yenye michoro pembezoni. Machimbo hayakuzuiwa, na mwaka 1971 mahakama ikawakatalia.

Mbao nazo, mwaka 1974 kanisa lenyewe lilizitupa nje. (Sisi tufundishao tuna haraka ya kuita upagani jambo tusiloweza kulisoma.) Ziliokolewa mwaka 1978. Wakati huo wachoraji walikwisha kujipatia nyumba yao, Buku-Larrnggay, iliyoanzishwa mwaka 1976 katika jengo la zamani la matibabu la misioni; na humo ndimo zitunzwamo mbao hizo, mikononi mwa watoto na wajukuu wa waliozichora.

Mwaka 1996 Djambawa Marawili alikuta kambi ya wavuvi wasio na ruhusa mahali patakatifu pa mamba, mzazi wa ukoo wake, na kichwa cha mamba kimekatwa. Hakujibu kwa fimbo. Wachoraji 47 walikaa kitako wakachora magome 80, kila mtu akionyesha maji ya ukoo wake: mkondo upitao, mwamba, na jina la kila mahali. Ulikuwa uchunguzi kamili wa pwani, uliofanywa na wenyewe.

Tarehe 30 Julai 2008 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba maji yajaayo na kupwa juu ya nchi yao hayaingiliwi pasipo idhini yao. Hukumu ilisimama juu ya maneno ya sheria ya mwaka 1976, si juu ya picha. Walakini mipaka ile wachoraji walikuwa wamekwisha kuiandika.