Ikhwani Safaa: nadi iliyoishi kuliko ufalme

Mwaka 1905 vijana wa Mji Mkongwe wa Unguja waliopenda muziki walianzisha nadi, wakaiita Ikhwani Safaa. Wakati huo taarab ilikuwa bado starehe ya kasri. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta kutoka Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim huko akajifunze kupiga kanuni. Waliosikia walikuwa wageni wa Sultani. Vijana wale walitaka ala ziwe mikononi mwao wenyewe. Waliziagiza, wakajifundisha, wakaimba kwa Kiarabu kama ilivyoimbwa kwa wakubwa.

Muziki ulikuwa sababu ya kukutana, lakini nadi ilikuwa zaidi ya muziki. Ndipo watu walipobarizi jioni na kupeana habari za mji. Waingereza nao walikuwa na yao tangu 1888, English Club, iliyokuja kukaa mtaa wa Shangani mbele ya bahari, na mwenyeji aliingia humo kwa kazi ya utumishi tu. Jumba lile lingalipo, siku hizi ni hoteli ya Africa House, na wageni hulijaza kutazama jua linapozama. Wanachama wake hawapo tena. Kwa Ikhwani mambo yamekwenda kinyume: kilichodumu ni watu, na ndiyo maana naona historia yake ina uzito kuliko ya jumba lolote la Shangani.

Ikhwani haikudumu kwa kukaa vilevile. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay na kurekodi santuri kwa Kiswahili, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kusema taarab ni ya Kiarabu peke yake. Nadi ikaufuata mkondo huo. Wanawake, ambao kwa muda mrefu hawakuwa na nafasi ndani ya Ikhwani, walikuwa na vyama vyao vyenye ushindani mkali wa nyimbo na sare. Kimoja kilijiita Royal Air Force. Mwaka 1958 kikazaliwa chama cha Shime Kuokoana, ambacho leo ni Culture Musical Club, mshindani wa Ikhwani hadi sasa.

Yakaja Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Sultani wa mwisho alikimbia, vyama vingi vikavunjwa, na Ikhwani ikapita miaka kadhaa ikijulikana kwa jina la Malindi, mtaa wake, kabla ya kulirudia jina la zamani. Mazoezi hayakufa. Walimu kama Idd Farhan na Seif Salim Saleh waliyabeba, wakawarithisha waliokuja nyuma yao.

Ukitaka kujua kazi hiyo ina nini, mtazame mpiga kanuni kabla ya onyesho. Ala ina nyuzi zaidi ya sabini, zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na hewa ya Unguja yenye unyevu huzilegeza. Huinama na ufunguo, hugusa uzi mmoja, husikiliza, hukaza kidogo, hurudia. Fidla na udi humsubiri. Ndipo bashraf huanza, bila mwimbaji, na wasikilizaji hutulia. Mwimbaji akishika beti, wanawake huinuka mmoja mmoja kwenda kutunza, noti mkononi, kwa mwendo wa madaha.

Na majumba, je, yanadumu kama watu hao? Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti hazizidi mita tatu hivi, kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu. Kuta hizi zinataka chokaa. Ukizipiga saruji, maji hunaswa ndani na jiwe huoza taratibu. UNESCO iliuandika mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2000, ila jina hilo halizibi paa. Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Barghash mwenyewe, iliporomoka na kuua watu.

Ikhwani ilitimiza miaka mia mwaka 2005, na santuri ya kuadhimisha ilitolewa Ufaransa katika mfululizo wa Zanzibara. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilichofunguliwa 2002, kikawa mahali pengine ambapo kijana wa Unguja angeweza kujifunza kanuni na udi. Kazi iliyobaki kwa wanachama ni ileile ya 1905: kulipa ada, kununua nyuzi, na kufika mazoezini.