Tiba Inayoitikia Utamaduni

Katika saikolojia ya Marekani limekomaa, hasa tangu miaka ya 1980, dai kwamba mtu asiye Mzungu hawezi kutibiwa ipasavyo kwa vipimo na mazungumzo yaliyobuniwa kwa Wazungu, na matibabu yanayofuata lugha, imani na historia ya mteja mara nyingi huitwa kwa Kiswahili tiba inayozingatia utamaduni. Tafsiri hiyo inaeleweka, ila ina upungufu, kwani anayezingatia jambo aweza kulizingatia kwa mbali na kimya, ilhali anayeitikia lazima awe ameitwa na amesikia, kama waitikiaji wa wimbo wanavyomngoja kiongozi wao. Ndiyo maana tiba inayoitikia utamaduni ni istilahi iliyo bora.

Ama “wateja wa rangi”, jina ambalo Marekani huwapa wateja wasio Wazungu, maneno hayo hayana kazi Kutulo, mji mdogo wa mpakani mwa kaunti za Wajir na Mandera, ambako mshauri nasaha na mteja aghalabu wote ni weusi na kinachowatenga ni lugha, dini na kumbukumbu. Wazee wa eneo hilo walipitia vita vya Shifta vya miaka ya 1960, vya kutaka kujitenga na Kenya, sheria za hali ya hatari zilizodumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na habari za mauaji ya Wagalla, karibu na mji wa Wajir, Februari 1984. Si ajabu kwamba anayesafiri kwenda Nairobi husemwa anakwenda Kenya. Hata Kiswahili, ambacho pwani ni lugha ya mama, huku kinanukia kituo cha polisi, hivyo mshauri anayehoji kwa Kiswahili sanifu huenda akajibiwa kama afisa anavyojibiwa, yaani kwa uchache.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika msamiati wa maradhi. Kisomali, lugha ya wakazi wa huko, kina welwel, yaani wasiwasi, na murug, yaani huzuni, lakini hayo huhesabiwa kuwa mambo ya maisha, na ugonjwa hasa ni waali, wazimu kamili, kiasi kwamba anayeambiwa ana tatizo la akili husikia kuwa ameitwa mwendawazimu na harudi tena. Kuna pia buufis, neno lenye asili ya kupuliza au kujaza upepo, ambalo katika kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanzishwa kuanzia mwaka 1991, lilitaja hamu ya kuhamishiwa ng’ambo inayomjaa mtu hadi ashindwe kuishi alipo. Fomu inayotafuta sonona peke yake yaweza kumpita mtu huyo bila kumwona.

Kuitikia, hata hivyo, si kukubali kila kitu: ruqya, kisomo cha Kurani cha kumtibu mgonjwa, chaweza kwenda sambamba na dawa, lakini mnyororo anaofungwa mgonjwa mguuni hauitikiwi kwa ndiyo. Na lipo jambo ambalo istilahi yoyote hailitatui, nalo ni mkalimani ambaye mshauri asiyejua Kisomali humhitaji, kwa kuwa akiwa wa ukoo wa mteja siri inaweza kufika nyumbani kabla ya mwenyewe, na akiwa wa ukoo uliopigana na ule wa mteja, mteja hafungui kinywa.